TAHARIRI: Ukarimu una sura, ila si ya anayetoa

Mpe kijana yeyote mtaani penseli na dakika tano, kisha umwambie achore ukarimu. Kuna uwezekano mkubwa kwamba atachora mikono miwili, mmoja juu na mwingine chini. Wa juu umeshika kitu. Wa chini umekingwa.

Akipata muda wa kuongeza, mkono wa juu utavishwa saa, utapewa shati la mikono mirefu na hata uso unaotabasamu. Mkono wa chini utabaki vilevile, bila mwenyewe.

Hakuna mwalimu aliyemfundisha kuchora hivyo. Picha hiyo ameiona mara nyingi mno: kwenye simu, kwenye mabango ya barabarani, kwenye mifuko ya unga wakati wa kampeni, na kwenye ile cheki ya kadibodi iliyo ndefu kuliko watu wanaoishika.

Kwa maoni yetu, hiyo ni picha ya uwezo ambayo tumezoea kuiita ukarimu. Inatuambia nani anacho na nani hana, nani amesimama na nani ameinama. Kuhusu moyo wa kutoa, haisemi chochote.

Jambo hili linawahusu vijana kuliko kundi lingine lolote, kwa sababu kamera na brashi ziko mikononi mwenu. Nyinyi ndio mnaopiga picha, mnaohariri video, mnaochora kuta na nganya. Mtoto aliye gredi ya pili leo atajua maana ya kutoa kutokana na mtakachomwonyesha.

Kamera ilipoingia kati

Tuanze na tunayoyaona kila siku. Msee anatoka na kamera yake, anampata mama anayeuza njugu kando ya barabara, anamuuliza maswali mawili matatu, kisha anamhesabia noti za elfu moja moja. Mama analia. Kinanda kinaanza kulia taratibu nyuma ya picha. Jioni hiyo video imeshasambaa nchi nzima.

Hatusemi kwamba pesa zile hazikumfaa. Doo ni doo, na huenda yule mama alilipa kodi ya nyumba siku hiyo hiyo. Tunachouliza ni hiki: machozi yale yalikuwa ya nani, na faida yake inakwenda kwa nani? Mama alilipwa mara moja. Mwenye akaunti ataendelea kuvuna watazamaji na wadhamini kila video inaposhewa upya. Isitoshe, majirani wote sasa wanajua kwamba mama fulani alilia hadharani kwa ajili ya noti tano.

Watoto ndio wanaoumia zaidi. Picha ya mtoto akipokea viatu mbele ya kamera haizeeki pamoja na viatu vyenyewe. Viatu vitaisha soli mwaka ujao, ila picha itamngoja hadi chuo kikuu, hadi siku ya mahojiano ya kazi, hadi siku ya harusi yake. Na hakuwahi kuulizwa.

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ikiwa shule inaweza kuadhibiwa hivyo, wewe unayeposti watoto wa makao ya mayatima siku yako ya kuzaliwa, na keki mkononi, utajitetea vipi?

Wazee wetu walilijua hili kitambo. Ukristo na Uislamu zote zinaisifu sadaka ya siri. Wahenga nao walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Usambe maana yake ni usiseme. Methali hiyo iliuondoa utajiri kabisa kwenye picha. Sisi ndio tumeurudisha, tena na saa mkononi.

Picha za zamani

Watu wa huku walikuwa na njia zao za kuonyesha ukarimu kwa macho muda mrefu kabla ya simu, na hazikuhitaji uso wa mtu.

Chukua mfano wa Lamu. Watalii hupiga picha milango ya nakshi, na wana haki, kwani ni mizuri. Wachache hutazama kilicho kando ya mlango: baraza za mawe, moja kushoto na moja kulia, kwenye daka la nyumba. Mwenye nyumba alilipia mawe na chokaa, akamlipa fundi, kisha akaacha mahali hapo pakaliwe na mgeni, jirani, mzee anayepumzika njiani akirudi msikitini. Hakuna kibao kinachosema baraza hii imefadhiliwa na fulani.

Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya UNESCO ya turathi za dunia tangu 2001. Kwetu sisi, baraza zile ni kati ya michoro bora ya ukarimu nchini. Ukiitazama nyumba tu, kabla hujabisha hodi, umeshaambiwa ukae.

Au tazama leso. Kila mmoja amewahi kuiona: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maandishi ambayo humpasulia mtu ukweli bila mvaaji kufungua kinywa. Leso huuzwa kwa doti, vipande viwili vinavyofanana. Hupewa bi harusi, hupewa mama aliyejifungua, hupelekewa mama mkwe. Na marafiki wawili wakiamua, doti moja hukatwa katikati, kila mmoja akachukua kipande chake.

Sasa hebu waone wakipita barabarani, wawili, ua lile lile, rangi ile ile. Nani alimnunulia mwenzake? Huwezi kujua. Picha imeonyesha kwamba kuna kilichotolewa, ikamficha aliyetoa na ikamsitiri aliyepokea.

Bara nako kuna kiondo. Katika jamii nyingi, jirani akikuletea chakula, chombo chake hakirudi kitupu. Utatia ndizi, utatia viazi, hata kama ni mahindi mawili ya kuchoma. Anayetaka kuchora ukarimu wa namna hiyo hawezi kuchora mkono wa juu na mkono wa chini. Itabidi achore njia kati ya nyumba mbili, na kiondo kinachokwenda na kurudi.

Kisha kuna picha ambayo sote tunatembea nayo mfukoni bila kuitazama. Nembo ya taifa ina simba wawili, ngao, mikuki na jogoo aliyeshika shoka. Chini kabisa kuna neno moja, Harambee. Ni neno la watu wanaovuta au kuinua kitu kizito kwa pamoja. Ukilichora, utapata kamba moja na mikono mingi, yote kwenye usawa mmoja. Hakuna mkono ulio juu ya mwingine, na hakuna aliyeacha kuvuta ili apigwe picha.

Tunajua lililoipata harambee baadaye. Iligeuka jukwaa la wanasiasa kushindana kumwaga mamilioni mbele ya kamera. Hasira ya vijana kuhusu pesa hizo ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyosikika katika maandamano ya 2024, na mwezi wa Julai mwaka huo Rais William Ruto alitangaza marufuku ya maafisa wa serikali kushiriki michango hiyo. Neno lilibaki kwenye nembo, ila picha ilikuwa imebadilishwa chini yake.

Kibera, ukutani na kwenye mabati

Kwa hivyo sanaa ya leo inaweza kurudisha picha ya awali? Inaweza, na imeshafanya hivyo hapa hapa Nairobi.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini. Kibera ilikuwa kati ya mitaa iliyochomeka vibaya. Wakati huo msanii wa mtaa huo anayejulikana kama Solo 7 alizunguka na rangi akiandika jumbe za amani kwenye kuta, milango na vibanda. Hazikuwa picha za kutundikwa sebuleni. Zilikuwa herufi kubwa za mkono, mahali ambapo mtu aliyebeba rungu angelazimika kuzisoma akipita.

Alitoa nini? Rangi yake na muda wake, siku ambazo kutoka nje tu kulikuwa hatari. Na aliyepokea ni nani? Kila aliyepita, bila kuulizwa kabila wala kura. Ukuta wa mtaani una ukarimu huo: hauna mlinzi, hauna tiketi, haumfukuzi mtu kwa sababu ya viatu vyake.

Mwaka wa 2009 alikuja Kibera msanii wa Ufaransa anayejiita JR, na mradi wake wa Women Are Heroes. Alipiga picha za wanawake wa mtaa huo, nyuso na macho, akazichapisha kwa ukubwa wa ajabu na kuzitandaza juu ya mapaa. Eneo lililofunikwa lilikuwa kama mita mraba 2,000. Macho mengine yalibandikwa kwenye mabehewa ya treni inayokatiza Kibera, na sehemu za chini za nyuso hizo zikawekwa kwenye mabati kando ya reli. Treni ilipopita, kwa sekunde chache macho na midomo vilikutana, uso ukakamilika.

Hapo msomaji makini atatukatiza: si huyu ni mgeni na kamera, amekuja kupiga picha watu maskini? Ana tofauti gani na yule msee wa noti za elfu moja?

Swali ni la haki. Tofauti ya kwanza ni kwamba wanawake wale walijua wanapigwa picha ya nini, na wakakubali. Ya pili ni kwamba hawakupigwa wakipokea kitu. Walitazama kamera ana kwa ana, wakubwa kuliko nyumba, kama wenye mtaa. Ya tatu, ambayo kwetu ndiyo nzito zaidi, ni kwamba picha za mapaani hazikuchapishwa kwenye karatasi. Zilichapishwa kwenye vinyli isiyopitisha maji. Mvua iliponyesha, picha ikaziba paa linalovuja.

Hatusemi mradi ule ulimaliza shida za Kibera. Paa moja kuzibwa si haki ya makazi. Ila unatupa kipimo tunachoweza kukitumia kwa picha yoyote ile ya ukarimu, iwe ya brashi au ya simu. Aliyeonyeshwa aliulizwa? Anaonekana kama nani, mtu au shida? Na msanii akishaondoka, ni nini kinachobaki mikononi mwa mwenye mtaa?

Kazi inayojigawa

Kipimo hicho cha tatu, cha kinachobaki mikononi, kiliwahi kupelekwa mbali na msanii mmoja wa Marekani, mzaliwa wa Cuba. Anaitwa Felix Gonzalez-Torres.

Mwaka wa 1991 alitengeneza kazi ambayo ukiiona mara ya kwanza utadhani mtu amemwaga mzigo wa duka. Ni rundo la peremende zilizofungwa kwa karatasi za rangi zinazong'aa, kwenye kona ya ukumbi. Uzito wake kamili ni ratili 175, kama kilo 79. Anayeitazama anaruhusiwa kuchukua peremende, kuifungua na kuila. Rundo likipungua, jumba la sanaa linaweza kulijaza tena. Kazi hiyo imeonyeshwa katika jumba la Art Institute of Chicago.

Ilikuwa ni picha ya mpenzi wake, Ross Laycock, aliyefariki mwaka huo kutokana na maradhi ya Ukimwi. Wengi husoma uzito ule kama uzito wa mwili wake alipokuwa mzima. Kila peremende inayochukuliwa ni mwili unaopungua, na kila inayoongezwa ni kukataa kumsahau.

Mengi yameandikwa kuhusu kazi hiyo, lakini kwa mada yetu inatosha kusema hivi: hakuna mtu yeyote aliyechorwa akitoa. Hakuna mkono wa juu. Kitu chenyewe ndicho kinachotoa, na wewe uliyeingia kutazama unatoka na utamu mdomoni na huzuni ya mtu mwingine kifuani. Msanii hayupo hata kukuangalia ukichukua.

Mukuru ilipofungua ghala

Usidhani mambo haya ni ya Chicago peke yake. Mfano ulio karibu zaidi uko Lunga Lunga, mtaani Mukuru, jijini Nairobi.

Huko kuna kundi la wasanii liitwalo Wajukuu Art Project. Lilianzishwa na vijana wa mtaa wenyewe, na pamoja na kuchora na kuchonga, hufunza watoto wa mtaa sanaa. Mwaka wa 2022 kundi hilo lilialikwa mjini Kassel, Ujerumani, kwenye documenta, mojawapo ya maonyesho makubwa zaidi ya sanaa duniani, yaliyoanza 1955 na ambayo siku hizi hufanyika kila baada ya miaka mitano.

Maonyesho ya mwaka huo yalisimamiwa na kundi la wasanii kutoka Indonesia, ruangrupa, na mada yao ilikuwa neno moja la kwao: lumbung. Lumbung ni ghala la mpunga la kijiji. Mavuno yakizidi, ziada huwekwa humo pamoja, na kijiji huamua pamoja itumike vipi.

Wajukuu hawakupeleka Ulaya picha za watoto wanaolia. Waliubadilisha mlango wa ukumbi wa documenta Halle kuwa njia ya mabati yaliyochakaa, mabati yale yale yanayojenga Mukuru. Mzungu wa Kassel aliyetaka kuona sanaa ilimbidi ainamishe kichwa na kupitia kwetu kwanza. Mwishowe kundi hilo lilipewa Tuzo ya Arnold Bode ya 2022, inayoitwa kwa jina la mwanzilishi wa documenta.

Tunalipenda neno hilo la ghala kwa sababu linatutoa kwenye mikono miwili. Ghalani hakuna mtoaji maarufu. Kila mtu ametia na kila mtu anaweza kuchukua, na aliyetia jana ndiye anayechukua kesho. Mtoto anayefunzwa kuchora Mukuru leo atakuwa mwalimu wa mwingine miaka kumi ijayo, na hakuna cheki ya kadibodi inayoweza kuonyesha hilo.

Wala wazo hili si geni Nairobi. Mwaka wa 1965 Elimo Njau na wenzake walifungua kituo cha Paa ya Paa ili wasanii wa Kiafrika wapate mahali pa kufanyia kazi na kuonyesha kazi zao, wakati ambapo majumba ya sanaa mjini hayakuwa yakiwangoja. Moto wa 1997 uliteketeza kazi nyingi za kituo hicho, lakini milango haikufungwa. Kumpa msanii mwenzako nafasi, meza na ukuta ni ukarimu ambao picha zake huonekana baadaye, kwenye kazi za watu wengine.

Na nyinyi vijana mmeshafanya hivyo, pengine bila kujua. Mwaka wa 2024, Mswada wa Fedha ulipofikishwa Bungeni, kurasa nzito za sheria ziligeuzwa kuwa mabango ya kidijitali: rangi mbili tatu, maneno machache, mkate umepanda hivi, data itakatwa hivi. Yalisambaa kutoka simu hadi simu, na mengi hayakuwa hata na jina la aliyeyatengeneza. Mtu alikesha, akatengeneza, akaachilia, akalala. Lile lilikuwa ghala.

Bure ina bei

Kuna hatari moja, na hatuwezi kuandika tahariri kuhusu sanaa na ukarimu bila kuitaja. Ukishasema sanaa ni ukarimu, kuna mabuda watakaopiga makofi haraka sana.

Ni wale wanaokuambia: "Tuchoree tu huu ukuta, utapata jina." Shirika lina bajeti ya dereva, ya maji ya chupa, ya fulana na ya mpiga picha, ila mchoraji anaambiwa ajitolee kwa ajili ya jamii. Kanisa linataka bango, shule inataka ukuta wa lango, hoteli inataka mandhari ya kupigia selfi, na wote wamegundua ghafla kwamba kipaji ni zawadi ya Mungu na hivyo hakifai kulipiwa.

Jina halilipi kodi ya nyumba. Rangi hununuliwa dukani, na mwenye duka hapokei sifa kama malipo. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, na wa msanii pia.

Kutoa kunakolazimishwa hakuna moyo ndani yake, na moyo ndio uliotajwa na methali. Msanii anayeamua mwenyewe kuchora ukuta wa zahanati ya mtaa wake bila malipo ametoa. Msanii aliyesukumwa kufanya hivyo na mtu ambaye yeye mwenyewe analipwa mshahara ameibiwa. Kazi zote mbili zinaweza kufanana ukutani, kwa hivyo ukisimama mbele ya mchoro mzuri wa mtaani, uliza pia: aliyeuchora alikula?

Tunachopendekeza

Kwa waunda maudhui: toeni, na msiache kutoa. Mkilazimika kurekodi ili kuwaonyesha waliochanga kwamba pesa zilifika, rekodini risiti, rekodini choo kilichojengwa, rekodini mlango mpya wa darasa. Uso wa aliyepokea uwe uamuzi wake, aulizwe kabla ya kupewa, si baada. Ukimuuliza pesa zikiwa tayari mkononi mwako, hilo si swali.

Kwa wachoraji: acheni kuchora mikono miwili. Imechoka. Mnaishi kwenye mitaa iliyojaa ukarimu ambao hakuna aliyewahi kuuchora vizuri, na kazi yenu ni kuuona kabla ya kuuchora.

Kwa walimu wa Sanaa Bunifu shuleni: mtoto akiambiwa achore tendo jema, asisifiwe tu kwa tajiri anayempa maskini mkate. Mwulize ni nani alimsaidia yeye wiki hii, na alikuwa amevaa nini. Ataleta picha nyingine kabisa.

Kwa serikali za kaunti: kuna kuta nyingi za umma ambazo kijana akizigusa na brashi hukamatwa, ila mwanasiasa akizibandika mabango ya kampeni huachwa. Tengeni kuta, chapisheni orodha yake, wekeni fungu dogo la kulipia rangi na kazi, na mchoraji asihitaji kumjua mtu ofisini ili apate nafasi. Ukuta wa soko, wa stendi ya matatu na wa zahanati ndiyo majumba ya sanaa ambayo watu wengi wa mjini watawahi kuingia.

Na kwako wewe usiyejua hata kuchora duara: ukipita mbele ya mchoro mtaani, simama. Mpige picha ukuta, mtaje mchoraji kama umemjua jina, na kama una kitu, mpe. Kutazama kwa makini nako ni kutoa.

Tomato ya tano

Mchoraji akituuliza aanzie wapi, tuna jibu.

Aanze na mama mboga. Umenunua nyanya nne za Sh20, amezifunga, umelipa. Kabla hujageuka, mkono wake unarudi kwenye fungu na kutia ya tano. Hatazami juu. Anaendelea kuongea na mteja mwingine kuhusu bei ya sukuma wiki. Sisi tunaiita nyongeza, na tumeizoea hivi kwamba asipoitia, tunaidai.

Yule mama si tajiri. Huenda amechukua mzigo kwa deni alfajiri ile. Hana kamera, hana wadhamini, na wala hangekuelewa ukimwambia kwamba amefanya jambo la kuposti.

Achore pia makanga anayemwambia dereva asimame, ampandishe mwanafunzi aliyebaki na shilingi kumi, kisha aangalie pembeni wakati wa kukusanya nauli. Achore jirani wa ploti anayeanua nguo za wenzake mvua ikianza, za wote, hata za yule wasiyeongea. Achore ndoo ya maji iliyoachwa mlangoni mwa mgonjwa.

Hizo ndizo picha ambazo mtoto wa gredi ya pili anahitaji kuziona, kubwa, kwa rangi zinazowaka, kwenye ukuta anaoupita kila asubuhi akienda shule. Kisha siku moja tumpe penseli na dakika tano, tuone kama bado atachora mikono miwili.